Barua kwa Mwanangu Kuhusu Kiwanja cha Kunduchi

Mwanangu Shabani,

Assalamu alaikum. Dada yako amenieleza kwamba dalali amekufuata kwa simu hadi Dodoma, na kwamba karatasi ya mauziano tayari unayo, inangoja saini yako tu. Nakuomba usiisaini. Umefika huko kwa juhudi zako mwenyewe na ninajivunia hilo, lakini umbali usikufanye ukihesabu kiwanja kile kwa mita za mraba.

Wanaokuja kununua huku hawaamini kwamba Kunduchi ilikuwa kijiji, kwa sababu wanachokiona ni hoteli, kuta ndefu na malori ya kokoto. Hawafiki pwani asubuhi samaki wanaponadiwa, wala hawaingii kwenye magofu kuona msikiti wa kale na makaburi ya nguzo chini ya mibuyu. Juzi niliwapeleka wajukuu. Yule mdogo alitia kiganja chake katika shimo la duara lililomo kwenye nguzo ya kaburi, akauliza kilichokuwamo. Ilikuwa sahani ya Kichina. Imebanduliwa, umebaki mviringo wake kwenye chokaa.

Magofu yale angalau yana Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Makaburi yetu hayana nguzo wala sahani. Ni mawe yaliyopangwa chini ya mwarobaini, na hayana mlinzi isipokuwa sisi. Mnunuzi anaahidi kwamba atatuachia njia. Jirani zetu nao waliahidiwa njia, na leo wakitaka kumsomea marehemu wao Yasini hubisha hodi getini na kusubiri mlinzi ampigie simu tajiri wake. Kwa hiyo usisaini, Shabani, hata akikuongezea bei.

Najua utasema kwamba sehemu ya mbele niliiuza mimi. Iliuzwa wakati ada yako ya chuo ilipokuwa inadaiwa, na minazi ilikatwa kabla fedha haijamalizika kuhesabiwa. Marehemu mama yako hakuwahi tena kukaa kwenye baraza ya upande ule.

Tena hukumjulisha baba yako mdogo, ambaye ndiye msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo, wala hukumpigia shangazi yako, naye limemuuma. Dalali anakusanya saini za vijana mmoja mmoja kwa sababu anajua kwamba wazee wakikaa kikao hapati kitu. Mtu wa elimu yako alipaswa kuliona hilo.

Fedha uliyotuma imefika, tumebadilisha bati za jikoni, ila pipa la maji bado linavuja na fundi hajarudi. Mkeo atutumie vipimo vya watoto, shangazi yako anataka kuwashonea kanzu za Idi. Karatasi ile itume kwa basi kwa jina la baba yako mdogo, ikiwa haina saini.

Wako,
Baba