Wanaokuja kutazama nyumba na wanaokuja kuinunua

Bwana Mhariri,

Ninaomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji ili nimjibu ndugu wa Ruashi, ambaye katika toleo lenu la majuma mawili yaliyopita alilalamika kwamba wauzaji wa nyumba wa Lubumbashi wamejaa kiburi: hawafungui lango, wanataka kujua mtu anafanya kazi wapi kabla hajaona hata sebule, na wakitajiwa bei isiyowapendeza hununa kama waliotukanwa. Mimi ni mmoja wa hao anaowasema. Tangu mwezi wa nne wa mwaka jana ninauza, pamoja na kaka yangu na dada zangu wawili, nyumba ambayo marehemu baba alituachia Bel-Air, katika komini ya Kampemba, na sikatai kwamba lango letu siku hizi halifunguki upesi. Ningependa tu aelewe lilifungwaje, maana nadhani amemkasirikia asiye na kosa.

Katika miezi mitatu ya kwanza tulipokea wageni 34. Ninaijua hesabu hiyo kwa sababu dada yangu mdogo, ambaye ni mwalimu na hawezi kukaa bila kuandika mahudhurio, aliwaorodhesha wote katika daftari la shule. Kati yao, watu 3 tu waliuliza habari za hati. Wengine walikuja kwa haja zao: kijana aliyepiga picha madirisha yetu ili fundi wake amtengenezee kama hayo, mume na mke waliotoka kanisani Jumapili wakaona heri wapitie kwanza kwetu kabla ya chakula, jirani wa barabara ya pili aliyetaka kujua tunauza kwa kiasi gani ili naye ajue nyumba yake ina thamani gani. Mama mmoja mzee alikaa saa nzima akinywa chai na kutueleza habari za mirathi ya kwao, kisha akasema wazi kwamba hana fedha ila alipenda kuona ndani. Huyo hatukumkasirikia, kwa kuwa alisema kweli. Tulichoshindwa kuelewa ni kwa nini komisioneri wetu, yaani dalali wa nyumba, mtu mwenye akili na mwenye uzoefu wa miaka mingi, aliendelea kutuletea watu ambao hata mtoto angetambua kwamba hawanunui.

Jibu tulilipata mwezi wa saba, kutoka kwa mgeni mmoja ambaye alipokuwa akiaga aliniuliza kwa upole kama zile dola 10 alizotoa za kutembelea nyumba zitapunguzwa katika bei. Sikuwa na habari ya dola 10 zozote. Tulirudi kwenye daftari tukakuta kwamba wageni 26 waliletwa na komisioneri huyo, na kila tuliyeweza kumpata alituambia kwamba alilipa kabla ya kuonyeshwa mahali. Kumbe mwenzetu alikuwa amekwisha kuiuza nyumba yetu mara 26, na bado ilikuwa yetu.

Sisemi kwamba komisioneri hana haki ya kula jasho lake. Anatembea juani, ananunua muda wa simu, analipa basi, na mara nyingi nyumba aliyoitafutia mnunuzi kwa miezi huuzwa kando na wenyewe wakamkwepa. Nayo ni aibu yetu sisi wauzaji. Lakini ikiwa malipo yake yanatokana na mtu kuingia langoni badala ya mtu kununua, basi kwake yeye mgeni asiye na senti ni sawa na mgeni mwenye fedha mfukoni, tena ni bora zaidi, kwa sababu yule mwenye fedha akishanunua, biashara ya kutembeza watu katika nyumba hiyo imekwisha. Anayeumia ni muuzaji anayepoteza siku zake, pamoja na mtafutaji wa kweli, kama huyo ndugu wa Ruashi, anayefika akiwa amekwisha kutozwa fedha na kukuta mwenyeji aliyechoka. Kwa upande wa kupanga nyumba, sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 iliweka mpaka wa kodi ya miezi 3 kwa garanti ya nyumba ya kuishi, yaani fedha ya dhamana ambayo mpangaji hutoa kabla ya kuingia. Najua mnatabasamu, kwa maana wengi wenu mmetakiwa zaidi ya hapo. Hata hivyo mpangaji anao walau mstari wa kuonyesha kwa kidole, na ningefurahi komini zetu zikiitazama vilevile hii fedha ya kutembelea.

Nije kwenye bei. Tulitaka dola 45,000. Ndugu wa Ruashi anasema kwamba kutaja bei ya chini si kosa, na hapo ninakubaliana naye kabisa. Mwashi mmoja alikuja, akapanda juu ya dari kwa ngazi yake mwenyewe, akashuka na vumbi kichwani, akatuambia kwamba mbao za paa upande wa jikoni zimeliwa na mchwa, akaeleza zinahitaji nini na kwa gharama gani, kisha akataja dola 36,000. Bei hiyo hatukuikubali, lakini tulimshukuru, na siku ile ile tulishuka hadi 42,000, kwa sababu mchwa wale walikuwa wa kweli. Bei ya namna hiyo hata ikiwa chini inajibika, kwa kuwa imekuja na sababu zake.

Kuna bei nyingine isiyo na sababu, na hiyo ndiyo inayotununisha. Katika juma moja la mwezi wa nane walikuja wanaume watatu, kila mmoja siku yake, wakataja 18,000, kisha 19,500, kisha 20,000, na hakuna hata mmoja aliyeingia vyumba vya kulala. Siku ya nne akaja bwana mmoja mtulivu, mwenye maneno laini, akatuambia kwamba amesikia tunavyosumbuliwa na watu wa 18,000 na wa 20,000, na kwamba yeye, kwa kumheshimu marehemu, angetoa 24,000. Tulishangaa kwa kuwa hatukuwa tumemwambia mtu yeyote bei hizo. Alipoona hatuyumbi, alimpigia kaka yangu simu kando, akidhani kwamba kwa kuwa hana kazi atalegea na kutugawa. Wengine walitaka kulipa kwa vitu: mmoja alileta gari aina ya Noah pamoja na dola 15,000, bila kufikiri kwamba warithi tuko wanne na gari halikatwi vipande.

Wako pia wanaokubali bei yote bila kubishana, ila wanataka kutoa nusu leo, waingie, na nusu nyingine mzigo wao ukishavuka mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa. Hao naona ni wa hatari kuliko wa bei ya chini. Kwa sheria yetu ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, udongo ni mali ya Serikali; tunachouziana sisi ni haki ya kuutumia pamoja na majengo yaliyo juu yake, na haki hiyo husimama kwa hati inayotolewa na ofisi ya mhifadhi wa hati, ile ambayo wengi tunaiita kwa Kifaransa certificat d'enregistrement. Karatasi iliyoandikwa sebuleni, hata ikiwa na mashahidi kumi, haimfanyi mtu kuwa mwenye nyumba. Kwa hiyo aliyelipa nusu akaingia amejiweka mahali pabaya, na aliyemwingiza naye atakuwa na mtu ndani asiyejua kama ni mpangaji au ni mwenyewe.

Tangu mwezi wa tisa tumebadili utaratibu. Hatupokei mgeni ila Jumamosi, saa tatu mpaka saa sita. Anayetaka kuja hupewa kwanza nakala ya hati aende nayo ofisini akaulize, na asiyekwenda hatumfungulii. Komisioneri mpya, ambaye tumeandikiana naye, atapata asilimia yake siku ya kuuza, bila kumtoza mgeni kitu. Wageni wamepungua hadi wawili au watatu kwa mwezi, na wale vijana wa picha wamehamia kwa jirani, ambaye ukutani kwake pameandikwa kwa herufi kubwa NYUMBA HII HAIUZWI, na bado wanamgongea kumwuliza bei.

Kati ya hao wachache yuko mmoja ambaye tangu mwanzo hakusifu wala kuponda. Alikwenda ofisini, akazungumza na majirani wa pande zote mbili, akaomba kutuona warithi wote wanne kwa pamoja, na mwezi huu wa kwanza akarudi bila kuarifu, mvua ikimwagika, akasimama na mwavuli uani akitazama maji yanaelekea wapi. Siku ile haikuwa Jumamosi, lakini tulimfungulia. Ametaja 39,500, sisi tumesema 41,000, na hajarudi kujibu.

Basi ikiwa ndugu wa Ruashi bado anatafuta, Jumamosi tupo. Nakala ya hati ataipata kwa komisioneri, na akiombwa hata faranga moja kabla ya kufika langoni, tafadhali aje anieleze mimi mwenyewe.

Msomaji wenu,
Bel-Air, Lubumbashi
(Jina langu unalo, Bwana Mhariri.)