Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Mbeya: Mlima Kyejo haujafa

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Salamu kutoka Busokelo. Mimi ni bwana mifugo mstaafu. Maisha yangu ya kazi yalikuwa chanjo, majosho na ndama wa maziwa, kwa hiyo nisidhaniwe mtaalamu wa miamba. Lakini kazi hiyo ndiyo iliyonipitisha kwenye vijibonde ambavyo wageni hawafiki, na ndiyo inayonipa ujasiri wa kukuandikia hadharani. Ombi langu ni moja: kila kitongoji kilichokaa juu ya volkano za Rungwe, Kyejo ukiwa mmojawapo, kijue kwamba kimekaa juu ya volkano, na kijue la kufanya. Kamati ya maafa ya mkoa unayoiongoza inaweza kulianza jambo hili bila kungoja mfadhili.

Nianze na kinachoua sasa. Moto wa mlima huenda tukaungoja miaka mia nyingine, gesi haingoji. Kandokando ya Kyejo, na kuelekea bonde la Mbaka, kuna mahali ambapo hewa ukaa inatoka ardhini usiku na mchana. Haina rangi, haina harufu ya kumshtua mtu, na ni nzito kuliko hewa ya kawaida kwa mara moja na nusu, basi inashuka na kutuama mabondeni. Ukifika asubuhi kabla upepo haujaanza kuvuma, utakuta panzi na vipepeo wamelala chini, na mara nyingine ndege, bila jeraha. Washa kiberiti ukiwa umesimama wima, kinawaka. Kishushe hadi usawa wa goti, kinazimika papo hapo.

Niliwahi kuitwa kwa ndama aliyekutwa amekufa malishoni, amefungwa kamba katika kijibonde cha namna hiyo. Mama yake alikuwa hatua chache pembeni, anacheua, mzima kabisa. Kichwa cha ng'ombe mkubwa kilikuwa juu ya gesi. Cha ndama kilikuwa ndani yake, na kamba haikumruhusu kuondoka. Nilimkagua: hakuna dalili ya kimeta, hakuna ndigana, hakuna alama ya nyoka. Kabla sijafika, jirani mmoja alikuwa ameshatajwa kwa uchawi. Nilieleza habari ya gesi, nikawasha kiberiti mbele yao, wakatikisa vichwa kwa heshima. Jirani yule bado kuna nyumba ambazo hazimwitiki salamu.

Gesi hiyohiyo, Mheshimiwa, inavunwa hapahapa Rungwe, inatiwa mitungini na kupelekwa kwenye viwanda ili soda itoe povu. Si siri basi. Anayeivuna anajua inatokea wapi. Anayehitaji kujua zaidi ni mtoto aliyetumwa kuhamisha kamba ya mbuzi, na fundi anayechimba shimo la choo kwenye kiwanja kilichouzwa bei nafuu kwa kuwa kiko bondeni. Shimo lenye gesi lina tabia ya kuua zaidi ya mmoja: wa kwanza anazimia, wa pili anashuka kumwokoa, wa tatu anamfuata wa pili. Wangapi katika mkoa wetu wameshawahi kuambiwa kwamba mtu akianguka humo usishuke, vuta kwa kamba ukiwa juu?

Sasa niseme juu ya milima yenyewe, maana wengi wetu tunaiita milima ya ndizi, chai na viazi, tukaishia hapo. Mkoa wetu umekaa pale ambapo mikono mitatu ya Bonde la Ufa inakutana: wa Rukwa, wa Usangu na wa Ziwa Nyasa. Ndiyo sababu ya chemchemi za moto za Kasumulu, na ndiyo sababu serikali inatafuta jotoardhi Ngozi na Kiejo-Mbaka. Rungwe, wenye karibu mita 2,960, ulilipuka vikubwa miaka ipatayo 4,000 iliyopita na kumwaga mawe mepesi katika eneo letu lote la juu. Yapo hadi leo. Tazama kingo za barabara zilizokatwa, utaona mkanda wa vijiwe vya rangi ya mchanga chini ya udongo mweusi. Chukua kimoja ukitie kwenye bakuli la maji: kinaelea. Ngozi nao ulilipuka chini ya miaka 1,000 iliyopita. Na Kyejo ulimwaga lava mnamo 1800, pale Sarabwe. Tarehe hiyo wataalamu waliipata kwa kuwasikiliza wazee wa Kinyakyusa, waliorithi habari za moto ule kutoka kwa babu zao. Kwa umri wa mlima, 1800 ni juzi.

Jambo la kuangalia hapo ni kwamba lava ya Sarabwe haikutoka kileleni. Ilipasua ubavuni. Katika eneo letu kuna vilima vidogo zaidi ya mia moja vilivyotokana na volkano, vimetawanyika katikati ya migomba na nyumba za watu, na Ziwa Masoko nalo ni shimo la mlipuko lililojaa maji. Kwa hiyo anayesema "mimi nakaa mbali na kilele" hajajibu swali.

Kuna kisiwa kinaitwa Tristan da Cunha, katikati ya Bahari ya Atlantiki kusini, ambacho hutajwa kuwa mbali kuliko visiwa vyote vinavyokaliwa na watu. Kutoka Cape Town ni zaidi ya kilomita 2,700 za maji matupu. Kijiji ni kimoja tu, chini ya mlima mkubwa ambao watu wake waliuhesabu kuwa umekufa. Agosti 1961 matetemeko madogo yakaanza, yakaendelea wiki baada ya wiki. Oktoba ardhi ikapasuka, na haikupasuka kileleni: ilipasuka pembeni kabisa mwa kijiji, na lava ikafunika kiwanda cha kamba-mti kilichowapa watu riziki. Wakazi wote, 264, wakaingia kwenye mashua, wakalala kisiwa cha jirani, kisha meli zikawafikisha Cape Town na baadaye Uingereza. Hakuna aliyekufa kwa mlipuko ule. Mwaka 1963 wengi wao wakarudi kwao, na hadi leo wapo.

Nimeleta habari za watu wa mbali hivyo kwa sababu walikuwa na vitu viwili ambavyo havihitaji utajiri. Walijuana wote kwa majina, kwa hiyo hakuna aliyesahaulika ndani ya nyumba. Na walijua njia ya kutokea ni ipi, maana ilikuwa moja. Sisi tuna watu maelfu kwa maelfu, tuna rejista za wakazi kwa watendaji wa vijiji, na njia ya kutokea hatujaambizana.

Usiseme Rungwe si kisiwa. Kaskazini kuna Uporoto, mashariki safu ya Livingstone, kusini ziwa. Lami kubwa ni ile inayoteremka kutoka Uyole kupitia Isongole, Kiwira na Tukuyu hadi Kasumulu. Lori moja likilala vibaya kwenye kona za Kiwira, magari yanapanga foleni hadi abiria wanashuka kununua ndizi. Hiyo ni siku ya kawaida, jua likiwaka. Je, siku ambayo majivu yanaanguka, kila mwenye gari anataka kupanda Uyole, na kila mwenye ndugu Kyela anataka kushuka? Watu wa Lwangwa waelekee wapi? Wa Kandete je? Haya ni maswali ya kujibiwa mezani, na ramani ikiwa wazi, wakati mlima umetulia.

Karibu zaidi na sisi kuna Ngazija, ndugu zetu wa Komoro. Mlima Karthala una mita 2,361 na umekaa katikati ya kisiwa, watu wameuzunguka pande zote. Mwaka 1903 gesi yake iliua watu 17. Mwaka 1977 lava yake iliteremka ubavuni hadi kijiji cha Singani. Mwaka 2005 ulilipuka mara mbili, Aprili na Novemba, na safari hizo shida kubwa haikuwa moto, ilikuwa maji. Ngazija hawana mito ya kudumu. Vijijini wanakinga mvua kwenye mabirika, na mabirika yakaingia majivu. Watu wakabaki na nyumba zao zimesimama na hawana cha kunywa.

Sisi tuna maji hadi tunayachoka. Lakini skimu zetu nyingi ni za maji ya mserereko, yanakingwa mlimani na kushuka yenyewe, na vyanzo vingine havijafunikwa hata kwa bati. Majivu hayatauliza kama Kiwira ni mto mkubwa. Na hapa nirudi kwenye kazi yangu: ng'ombe anayekula majani yenye majivu anaumia. Ol Doinyo Lengai ulipolipuka mwaka 2007 na 2008, wafugaji wa chini yake walilazimika kuhama na mifugo yao. Mmasai amezoea kuhama. Mama wa Rungwe mwenye ng'ombe wawili wa maziwa bandani, anayewakatia majani kila siku, atahamia wapi nao? Mpango wowote wa uokoaji usiotaja mifugo hautafuatwa. Watu watabaki na ng'ombe wao, na mimi nawaelewa.

Kuhusu Ziwa Ngozi niseme kwa tahadhari, kwa sababu uvumi wake ni mwingi hata bila msaada wangu. Agosti 21, 1986, Ziwa Nyos huko Kamerun, ambalo nalo ni ziwa la volkano, lilitoa kwa ghafla hewa ukaa iliyokuwa imejikusanya chini yake. Watu wapatao 1,700 walikufa usiku ule, pamoja na maelfu ya ng'ombe. Tangu 2001 ziwa hilo limewekewa mabomba yanayoitoa gesi kidogo kidogo. Maziwa hayafanani kwa kina wala kwa namna maji yanavyochanganyika, na sitaki mtu wa Isongole akose usingizi kwa barua yangu. Ninachoomba ni kwamba kila kipimo kinachochukuliwa Ngozi, iwe na watafiti wa jotoardhi au wa chuo, majibu yake yateremke hadi kwenye mkutano wa kijiji kwa Kiswahili cha kawaida. Watu wanaoongoza watalii hadi ukingoni mwa ziwa wawe wa kwanza kuyajua.

Vivyo hivyo kwa matetemeko. Desemba 2009 ardhi ilipotikisika Karonga, ng'ambo ya Mto Songwe, nyumba zilianguka na watu wakafa upande wa Malawi, na huku kwetu tulilala nje. Swali la kila mtu lilikuwa moja: ni Kyejo? Jibu la mistari miwili kutoka Taasisi ya Jiolojia, likipita kwa Mkuu wa Mkoa, likaingia kwenye simu za watendaji wa vijiji na redio za Mbeya, lingetosha. Utaratibu huo uwekwe sasa, ili tetemeko lijalo lisitangulie kufasiriwa na manabii wa kwenye mabasi.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati kuanzia ngazi ya taifa hadi kijiji, kwa hiyo chombo kipo. Kazi ya kwanza naipendekeza iwe ya miguu tu. Kila mwenyekiti wa kitongoji kuzunguka Kyejo akae na wachungaji wake, nikiwa na maana watoto, kwa sababu ndio wanaojua mahali ambapo mbuzi hawapelekwi. Mashimo hayo yaingizwe kwenye ramani ya kijiji, yawekewe nguzo na kibao chenye picha ya ng'ombe aliyelala, kwa ajili ya asiyejua kusoma. Viwanja vya vijibonde hivyo visigawiwe kwa ujenzi. Mafundi wa visima na vyoo wafundishwe habari ya kiberiti na kamba. Ramani, nguzo, rangi na siku chache za posho: sioni kinachoshinda bajeti ya halmashauri hapo.

Ukikubali kuja kuona mwenyewe, njoo kiangazi, na ufike alfajiri kabla upepo haujapanda kutoka ziwani, maana ukija saa sita na msafara hutaona chochote na utadhani mzee amekudanganya. Vaa viatu vya shamba. Kiberiti nitakuja nacho mimi.

Ndaga fijo, yaani asante sana.

Bwana mifugo mstaafu,
Busokelo