Kiporo Chako cha Dukani

Mbagala, Jumatatu jioni

Mwanangu,

Nimefika salama. Daladala ilijaa, ila kijana mmoja alinipisha nikakaa, kwa hiyo miguu haikuvimba. Baba yako anakusalimu.

Nimekuwa nikiyawaza yale niliyokutamkia Jumamosi. Nilifungua friji nitafute maji ya kunywa, nikakuta trei nne za plastiki zimepangwa: pilau ya ng'ombe, kuku wa nazi, wali maharage, na nyingine sikuisoma. Nikapayuka, "Mtoto wa mama lishe ananunua chakula kilichopikwa juzi na mtu asiyemjua!" Ukanyamaza. Wa kunyamaza nilikuwa mimi.

Maana usiku niliona mwenyewe. Umerudi saa mbili na nusu, umesimama kwenye mwendokasi kutoka Kivukoni mpaka Kimara, hata mkoba hukuuvua begani. Ukatoboa ile nailoni kwa uma, ukaweka trei kwenye maikrowevu, tukala. Na pilau ile, nisiwe mnafiki, ilikuwa pilau. Iliki inasikika, nyama imelainika, wali umesimama punje punje. Aliyeipika anaijua kazi. Kuku wa nazi hapana. Tui lilikuwa limejitenga, mafuta juu, maji chini. Elfu tisa kwa kuku yule nimeisikitikia.

Kitandani ndipo nikajiuliza, kwani kiporo ni nini? Wewe umekulia kiporo cha wali na chai ya asubuhi. Maharage ya jana ndiyo uliyokuwa ukigombania na kaka yako, kwa kuwa kitunguu na chumvi vilikuwa vimepata usiku mzima wa kuingia. Basi trei zako ni kiporo kilichovaa suti. Wanapika, wanapoza haraka, wanakiweka kwenye nyuzi 5 au chini yake, na hakitakiwi kuonja joto tena mpaka kwako. Unailipia baridi kama unavyoilipia nyama.

Wasiwasi wangu uko kwenye hiyo baridi. Unakumbuka nilipokuwa nauza Kariakoo? Siku moja mvua ilifukuza wateja, sufuria nzima ya wali ikabaki. Nikaufunika, ukalala mezani, asubuhi nikaupasha mpaka ukafuka, nikakupa wewe na mjomba wako. Saa sita haijafika mlikuwa mnapokezana choo, mnatapika. Nikaapa sufuria ilikuwa safi, na ilikuwa safi kweli. Afisa afya wa soko ndiye aliyenifumbua macho: kuna vijidudu vya wali vyenye mbegu isiyokufa kwa kuchemka. Wali ukikaa kwenye joto mbegu zinaamka, vijidudu vinaongezeka na kutema sumu, na sumu hiyo hata upashe vipi haiondoki. Tangu hapo wali unaobaki naumwaga kwenye sinia pana upoe upesi, na saa mbili hazipiti haujaingia kwenye friji. Kwa joto hili la Dar, la Februari hasa, hata hizo saa mbili naziona nyingi.

Sasa, jana tulipopita dukani wewe ulikuwa unaongea na simu. Kabati lao la baridi limejazwa mpaka juu ya ule mstari wa mwisho wa kupanga, trei za juu zinatoka jasho. Nilibonyeza moja, nailoni imetuna kama andazi. Nembo ya ubora ya TBS ipo, tarehe bado siku mbili. Nikamwonyesha kijana wa duka. Akaichukua, akaichomeka nyuma ya nyingine.

Kwa hiyo tarehe isikutoshe. Tarehe inahesabu siku za baridini tu, umeme ulivyokatika usiku haiijui. Gusa trei, kama si baridi ya kuuma vidole iache. Uichukue mwisho, ukishamaliza sabuni na mafuta, uitie kwenye lile boksi la barafu nililokuachia, maana foleni ya Ubungo unaijua. Umeme ukikatika nyumbani usifungue friji kuchungulia, likifungwa linashikilia baridi kama saa nne hivi. Na hiyo maikrowevu inachoma pembeni katikati kukiwa bado baridi, kwa hiyo koroga, urudishe, mpaka chote kifuke.

Jumapili njoo. Nitakupikia maharage yasiyo na nazi, mchuzi wa nyama na pilau, tugawe vya siku mbili tatu, vingine uvigandishe. Ugali hapana, utausonga mwenyewe, wa kwenye friji unakuwa jiwe. Siku ukichoka kabisa nunua ile pilau yao, sitasema kitu.

Ile mifuniko yangu miwili ya bluu niliiona juu ya kabati lako. Uje nayo.

Mama yako