Mwanangu, unamkumbuka yule mtu wa taipureta?

Mwanangu,

Sisi huku wazima, babako mgongo bado unamsumbua lakini anaenda msikitini kwa miguu na kurudi, hilo tunashukuru.

Ile sauti uliyonitumia Jumapili usiku nimeisikiliza mara tatu. Pale uliposema skripti yako ya igizo imerudishwa na mtu kaandika juu kwa kalamu nyekundu "jifunze kuandika kwanza", na kwamba umeitia chini ya kitanda, sasa wewe na kazi ya duka la hadwea tu basi. Sikukujibu manake ningekujibu ningelia, na wewe ukisikia mamako analia unakata simu, nakujua. Kwa hivo naandika, na utasoma polepole, hakuna anayekuharakisha.

Unamkumbuka yule mtu wa taipureta? Ulikuwa mdogo unalala mkekani na sirizi ya Renegade inaonyeshwa kwenye tivi, yule mwenye nywele ndefu na pikipiki. Kipindi kikiisha anatokea mzungu wa ndevu amekaa anapiga taipu, anachomoa karatasi anairusha, karatasi inapaa inageuka herufi C. Basi na wewe unachukua karatasi zangu za kaboni za kazini zilizokwisha unarusha, shuka bluu, kuta bluu, wewe mwenyewe bluu mpaka masikioni!

Mie nilikuwa namwangalia mikono. Nikamwambia babako huyu ni muigizaji tu, taipisti wa kweli hachomoi karatasi kwa fujo vile bila kulegeza rola, utachana ukurasa na mashini utaiharibu. Babako akasema mama we tulia ni tivi. Halafu siku moja babako mwenyewe ndo akaruka kitini, "ebo, si ndo huyu huyu polisi mbaya!" Na kweli, yule Dutch Dixon anayemwinda Reno, yule wa pikipiki, ndani ya Renegade ndo yule yule wa taipureta. Tulicheka. Hatukuuliza kwa nini mtu wa kupiga taipu mwishoni anatokea pia katikati.

Juzi baada ya sauti yako usingizi ukanikataa, nikashika simu nikamtafuta. Anaitwa Stephen J. Cannell. Kumbe yeye ndo mwandishi. The A-Team ni yeye na mwenzake Frank Lupo, 1983, ile ya Mr. T na mikufu shingoni, risasi zinamiminika kama mvua na hafi hata kuku (sikuipenda sana ile, nitakuwa mkweli). 21 Jump Street iliyomtoa Johnny Depp, ni yeye pia na mwenzake. Hunter, mkono wa Lupo lakini imetoka kwa kampuni yake. Sirizi alizobuni peke yake ama na wenzake zinakaribia 40. Episodi alizoandika zinapita 450, na zile alizosimamia kama prodyusa zinapita 1,500. Mie nimepiga taipu miaka 22 na hiyo hesabu imenitoa jasho.

Na alikuwa hajui kuspeli. Soma tena hapo mwanangu.

Alikuwa na disleksia, ile hali herufi zinamchezea mtu, anaona neno leo hivi kesho vile, na si ujinga na si uvivu. Shuleni kwao California alirudia darasa zaidi ya mara moja, ameshapigwa muhuri kwamba hafai. Na jina la hiyo hali yenyewe hakulijua mpaka ameshapita miaka 30, tena kwa sababu ya bintiye kupimwa. Yaani miaka yote hiyo alidhani ni kichwa chake kibovu.

Chuo Kikuu cha Oregon ndo akakutana na mwalimu mmoja, Ralph Salisbury, mshairi, akazisoma zile kurasa na makosa yake yote akaona kuna hadithi ndani. Alimaliza 1964. Akarudi kufanya kazi kwenye biashara ya babake ya samani na kupamba nyumba, anaendesha lori, na usiku anaandika, kila usiku, miaka, mpaka mwishoni mwa miaka ya 60 akauza ya kwanza. Baadaye kipindi cha polisi cha Adam-12 walikuwa wamekwama wanataka skripti ya haraka, akawapelekea kwa muda mfupi, wakamchukua akafanye kazi nao. 1974 yeye na Roy Huggins wakatoa The Rockford Files, na hiyo ndo nataka uitafute uione, achana na A-Team. Mpelelezi anaishi kwenye trela ufuoni Malibu, anatoza dola 200 kwa siku na gharama juu, na mara nyingi halipwi, anapigwa, bunduki ameitia kwenye mkebe wa biskuti. Babake ni dereva wa malori mstaafu anayemsumbua atafute kazi ya maana. Na huyo mzee wa kwenye kipindi jina lake ni Joseph, kama babake Cannell wa kweli. Nilipofika hapo nikacheka peke yangu gizani manake nakumbuka lile igizo lako la mzee anayeuza madafu na kumsema mwanawe mchana kutwa. Babako hajui ni yeye, sitamwambia.

Sasa nikwambie kilichonikalisha kitako. Huyu bwana aliandika kwa IBM Selectric, ile mashini yenye kipira cha herufi kinachozunguka, pale ofisini kwetu ilikuwa moja tu, ya sekretari wa bosi mkubwa, sisi wengine hata vumbi lake hatupangusi. Anaipiga kurasa zimejaa makosa, halafu kuna mama msaidizi wake anazichukua, anazisoma, anazinyoosha, anazipiga upya. Yaani kulikuwa na mtu kama mie.

Kwani kazi yangu ilikuwa gani? Wakubwa wananiletea barua zimeandikwa kama kuku amepita kwenye matope, naziweka sawa, wanatia sahihi, wanasifiwa. Mmoja wao mpaka anastaafu alikuwa akiandika "hospitali" kila siku kwa namna nyingine. Hakuna aliyemwambia ajifunze kuandika kwanza. Nilimnyooshea miaka tisa bila kunung'unika, na wewe mwanangu wa tumboni nilikupiga.

Unakumbuka? Mie nakumbuka. Darasa la tatu, insha ya familia yangu. Ukaandika "Dada huenda kazini kwa baiskeli. Dada ana masharubu." Mwalimu akaisoma mbele ya darasa, watoto wakaanguka vicheko, ukaja nayo nyumbani umeikunja mara nane. Nikakukalisha uandike "baba" mara mia na ukafika ya arubaini zimegeuka tena zote, dada dada dada, nikavua kandambili. Niliona haya, taipisti mzima mwanawe hajui b na d. Nilidhani unanifanyia makusudi. Nisamehe. Babako pia nimemwambia juzi, amenyamaza muda mrefu halafu akasema "lakini masharubu aliyapatia."

Kitu kingine nilikisoma usiku ule nikaweka simu chini. 1981 huyu Cannell alifiwa na mwanawe, Derek, miaka 15, alikuwa ufuoni anajenga ngome ya mchanga ikambomokea. Nilikuona wewe ufuoni Nyali unachimba shimo mpaka kiunoni na mie nimekaa nasuka ukili hata sina habari. Nikaamka nikaswali.

Yeye mwenyewe amefariki 2010, Septemba, kwa saratani ya ngozi, ana miaka 69.

Sasa sikiliza. Itoe chini ya kitanda. Usisahihishe kitu, hata nukta, ipige picha kurasa zote unitumie kwa WhatsApp, ama mpe dereva wa basi la usiku bahasha nitaifuata stendi. Ile episodi ya tatu hasa, nataka kujua yule mzee wa madafu alimkuta nani kwenye mashua, uliniacha pale miezi minne. Miwani nimebadilisha, naona vizuri. Laptopu ya dadako iko hapa haina mtu, ni ile herufi ya M tu inagoma, inabidi kuigandamiza.

Mamako