Hesabu ya kopo la Babu

Birmingham, Jumapili usiku

Mama, shikamoo.

Zuhura atakusomea barua hii, na namwomba asiruke pale anaposemwa. Sisi huku wazima, hofu ni kwenu mlio mbali na upeo wa macho yetu. Watoto wanakuamkia.

Uliniuliza kwenye simu kopo la Babu, lile la sarafu za kale, limeishia wapi. Nikakujibu naliuza kidogo kidogo, ukanyamaza. Nakujua ukinyamaza. Basi hesabu hii hapa.

Huku mnada hauna kelele. Pale Deep Sea, soko la samaki, dalali akinadi fungu la changu kila mtu anamwona mwenzake, na bei ikigota imegota. Kwenye eBay, mnada wa mtandaoni, sarafu inakaa siku saba. Mnunuzi anaiambia mashine kwa siri mwisho wa fedha yake, nayo inampandishia dau kidogo kidogo kila akitokea mshindani. Ile hela 20 ya Mjerumani (ndiyo hela yenyewe, neno letu limetoka kwenye heller yao) ilikaa pauni 3 siku sita nzima. Nikajua imelala. Jumapili usiku, zimebaki sekunde nane, watu wawili wakavamiana, ikafungwa kwa pauni 34! Wazoefu hujificha hivyo, wasimwamshe mwenzao. Tangu hapo minada yangu yote naipanga iishe Jumapili usiku, watu wakiwa nyumbani wamekaa.

Iligombewa kwa sababu ina herufi T chini ya mwaka 1916. T ni Tabora. Vita vilikuwa vimepamba moto, meli za Waingereza zimeziba bahari, sarafu za kutoka Ujerumani haziji, wakaamua kujigongea wenyewe kule kule bara. Ndiyo maana imekaa ovyo ovyo, na uovyo huo ndio wanaoulipia. Mwaka huohuo Tabora waligonga na za dhahabu, za rupia 15, zenye tembo. Mama, nilipekua kopo mara tatu. Tembo hakuwemo.

Sasa Zuhura asome taratibu. Zile pesa mbili za Seyyid Barghash, sultani wa Zanzibar, zenye mizani, za mwaka 1299 wa Hijria, zilikuwa pacha. Moja niliikuta na weusi wake, ikaenda kwa pauni 13. Ya pili mtu aliisugua kwa ukwaju na majivu mpaka ikang'aa kama sinia la Idd. Wakusanyaji wanautaka ule weusi, umechukua zaidi ya miaka mia kuingia na ukitoka haurudi. Niliandika ukweli kwamba imesuguliwa. Pauni 4. Sikugombi mdogo wangu, ulidhani unanisaidia.

Zile shilingi za simba alizozipenda Babu hazikuleta kitu. Nyingi ni za 1948 na kuendelea, hazina madini ya fedha hata chembe, na kila nyumba ya Mwingereza aliyewahi kufanya kazi Afrika Mashariki ina gunia lake. Nimeziuza kwa mafungu, kama nyanya. Kuna mmoja alidai fungu lake halikumfika, nikamrudishia pesa yote maana sikuwa na stakabadhi. Siku hizi natuma kwa posta ya kusaini tu.

Lakini kuna moja sikuiuza, na naomba uniridhie. Ni senti kumi yenye tundu, ya 1936. Ina jina la Edward wa Nane, yule mfalme wa Uingereza aliyekiachia kiti mwezi wa Desemba mwaka huohuo. Sarafu zenye sura yake hazikuwahi kuingia madukani hapa Uingereza. Zetu, kwa kuwa katikati kuna tundu, hazikuwa na pa kuweka sura, ni jina tu, zikatumika kwetu bila wasiwasi. Nilipoitazama kwa kioo nikaona herufi H. Hiyo ni alama ya kiwanda cha Heaton, na kiwanda hicho kilikuwa hapa hapa Birmingham, mtaa wa Icknield, ambako basi langu la kazini hupita kila asubuhi. Nimeitia uzi, iko shingoni mwa Salma.

Ukitoa posta na yule mtu wa fungu, imebaki pauni 150 kamili. Nimetuma zote leo kwenye simu yako. Kopo lilikuwa la Babu, kwa hiyo kwa mirathi theluthi, pauni 50, ni haki ya Shangazi. Mpe mkononi, asipitie kwa mtu.

Kuhusu reale ya Bibi, ile sarafu kubwa ya fedha, mwambie Bakari aiache, asiiuze. Mwaka 1780 ulioandikwa pale ni mwaka aliokufa yule malkia wa Austria, ila wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na wa pwani yetu hawakutaka nyingine, basi viwanda vikaendelea kuigonga na mwaka uleule, hata hapa Birmingham iligongwa. Na ile imechomelewa kitanzi cha mkufu. Wangeilipia uzito wa fedha tu. Ivae.

Zile zilizobaki kwenye droo nipigieni picha mchana, karibu na dirisha, mbele na nyuma. Zuhura, bila ukwaju.

Mwanao,
Mwanaidi