Tende zimejaa stoo, LUKU imeisha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wenu wa barua, sijawahi kuandika gazetini kwahiyo mkiona nazunguka sana mnipunguze, ila hili jambo limenikaa kooni toka mfungo uliopita na nimeona bora niliseme sasa hivi mwezi wa nane kabla watu hawajaanza tena kujipanga kuja na makamera.

Mimi ni mama mtu mzima, naishi Mbagala, nina biashara yangu ndogo ya vitenge na siku tatu kwa wiki najitolea kwenye kituo kimoja cha kulea watoto huku huku kwetu. Kituo chenyewe kidogo tu, watoto 27, na kazi yangu ni kushika funguo za stoo na daftari la kinachoingia na kinachotoka, ndo maana watoto wananiita Mama Stoo. Jina la kituo silitaji maana sijaja kuombaomba. Nimekuja kuongea na wanaotusaidia, ambao nawapenda kwa kweli, lakini kuna mambo huwezi kumwambia mgeni akiwa kashika zawadi mkononi.

Sasa sikilizeni. Kumi la mwisho la Ramadhani, Jumamosi moja tu, tulipokea vikundi vitano. Kuna ofisi walikuja na Coaster, T-sheti zinafanana na bango la kitambaa lenye jina lao, wakafuata wanachuo, wakina mama wa saluni, vijana wa mtaa wa jirani, na wa mwisho sikuwajua hata wametoka wapi. Wote wamebeba vitu vilevile, mchele, mafuta, sabuni za mche, biskuti na tende, tende, tende. Kila kikundi kinataka watoto wapange mstari waimbe wimbo wa kukaribisha wageni, wimbo uleule mara tano, mpaka kamoja ka miaka sita kakaja kunivuta kanga kakaniuliza "Mama Stoo, na hawa nao tunawaimbia?" Afu kila kikundi kimekuja na futari yake na kinataka kuona watoto wanakula, maana bila hivyo picha haijakamilika. Walikula mara tatu siku hiyo. Usiku wawili wakatapika.

Katoni 41 za tende, nimezihesabu mwenyewe. Zingine tumegawa kwa majirani, zingine zimeliwa na panya, na mchele nao nimeshaupepeta na kuuanika juani mara mbili kwa ajili ya wadudu.

Turudi mwezi wa saba. Jumanne usiku kama saa nne umeme ukakata, siyo TANESCO, ni LUKU yetu, ule umeme wa kulipia kabla, imeisha. Kwenye kisanduku cha kituo kulikuwa na shilingi 3,400. Na pampu ya maji inaendeshwa na umeme huohuo, kwahiyo maji nayo basi. Sasa tuna mtoto wa kiume ana seli mundu, na wenye kuuguza ugonjwa huu wanajua, baridi na kukaa bila maji ya kutosha mwilini ndo vitu vinavyochokoza yale maumivu, na mwezi wa saba unaujua baridi yake hata hapa Dar. Saa saba usiku akaanza kulia miguu, kulia kwenyewe siyo kwa kawaida, analia huku ameng'ata shuka. Mlezi wa zamu akawasha tochi ya simu, akamfunika na khanga zake mbili, akatoka nae mpaka kijiweni akamkuta dereva mmoja wa bajaji kalala ndani ya bajaji yake, akamwambia kaka sina hela, nipeleke tu. Akawapeleka. Mimi nikatuma hela ya vipimo na dawa kutoka kwenye mtaji wa vitenge. Mtoto yuko salama, anacheza mpira kama kawaida, ila usiku ule tulikuwa na tende za kulisha tarafa nzima na hatuna hela ya kumfikisha mtoto hospitali.

Asubuhi yule dereva alipita kuulizia hali ya mgonjwa, nikamuonyesha stoo, nikamweleza. Akakaa kimya kidogo afu akasema, "Kwani hawa wanaokujaga na mabasi hawawalipiigi umeme?"

Hawalipi. Na sijui niseme nini, siyo roho mbaya, ni kwamba hakuna mtu anaweza kupiga picha na tokeni ya LUKU. Kodi ya nyumba haina picha, maji hayana picha, nauli za kliniki, ped za wasichana wetu tisa kila mwezi, kunyonya choo kikijaa, vyote hivyo havina picha.

Na kubwa kuliko yote ni walezi. Nina hasira na hili mnisamehe. Mlezi ndo anajua nani anakojoa kitandani, nani akiamka vibaya asisemeshwe mpaka anywe chai, nani anaficha mkate chini ya godoro kwa sababu alikotoka alikuwa analala njaa. Mwaka jana tulikosa mshahara wa walezi miezi miwili, mmoja akaondoka akapata kazi kiwandani, na wala simlaumu, ana wanae. Kuna kasichana alikokalea toka kana miezi minane, kalikaa getini wiki nzima kila jioni kanamsubiri, ukikaingiza ndani kanatoka tena. Kipindi hichohicho nilimuomba mfadhili mmoja atusaidie mishahara akanijibu wao hawatoi hela ya uendeshaji, wanatoa moja kwa moja kwa mtoto. Sasa baba yangu, mtoto anaogeshwa na nani? Na biskuti?

Msije mkaniambia Watanzania hatuna utamaduni wa kuchanga. Sisi! Kadi ya harusi ikikufikia unajua kabisa single bei gani na double bei gani, kuna kamati, kuna mweka hazina atakayekuandama kwa meseji mpaka ahadi yako umalize, na unatoa, hata kama bwana harusi ni mtoto wa jirani wa shemeji yako. Msiba hivyohivyo. Na Desemba 2023 yale matope yaliposhuka toka mlima Hanang yakafunika Katesh, nani hakutoa hata shuka? Kariakoo ghorofa lilipoanguka Novemba 2024 watu walikuwa wanabeba maji na chakula kwenda kuwapa waokoaji bila kuambiwa. Majirani zetu Kenya nao mwaka 2011 kwenye ile njaa walianzisha mchango wao wa Kenyans for Kenya, lengo milioni 500 za kwao, watu wakachanga mpaka kwa simu na lengo likapitwa. Kuchanga tunakuweza sana. Ila tunachangia tukio, likiisha tumemaliza, na mtoto hana tukio, mtoto anakula leo na kesho na hata mwezi ambao hauna sikukuu yoyote ya kumkumbuka.

Wale madereva wa kijiweni ndo wamenifundisha. Yule wa usiku ule alienda kuwasimulia wenzake, wako 14, wakakubaliana kila Ijumaa kila mmoja anaweka buku. Buku tu, shilingi elfu moja, hela ya soda. Kwa wiki ni 14,000, kwa mwezi 56,000, na hawatuletei hata cash, wananunua umeme wanatutumia tokeni yenyewe, zile tarakimu 20, mlezi anaziingiza basi. Toka hapo hatujalala giza. Hawajawahi kuimbiwa wimbo wala hawana T-sheti, na mmoja aliniambia nisiwaalike kwenye sherehe yoyote maana watapoteza abiria.

Kwahiyo ushauri wangu wa kwanza kwa anayetaka kusaidia kituo chochote, piga simu kwanza uulize kimepungua nini. Dakika mbili tu. Wa pili, kama una laki moja ya kutoa kwa mwaka, ikate, toa elfu nane na kitu kila mwezi, kwetu sisi ina thamani kuliko laki ya siku moja kwa sababu tunaweza kuipangia bajeti. Sikukuu njooni bado, watoto wanapenda wageni jamani sijasema msije, ila njooni wachache, kaeni chezeni nao, na simu ziacheni mfukoni. Wewe mwenyewe ungependa mwanao aonekane kwenye stetasi za watu asiowajua, kashika unga, eti "yatima"? Wenzake shuleni wanaziona hizo picha.

Na msituamini hivihivi. Najua kuna watu walishalizwa, kituo hewa, watoto wa kuazima siku ya wageni, hivyo vitu vipo. Kituo halali kinatakiwa kuwa na leseni ya kulea watoto kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya 2009, na kama kinaendeshwa na NGO, yaani shirika lisilo la kiserikali, basi liwe limesajiliwa kwa Msajili wa NGO, ambako kila mwaka linapeleka ripoti na kulipa ada. Omba kuona hizo karatasi, asiyetaka kukuonyesha ana lake. Nenda serikali ya mtaa uulize, nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri maana anatakiwa kuvijua vituo vya eneo lake. Angalia lipa namba inakuja na jina la kituo au jina la mtu. Hapa najisema mimi pia maana hata sisi mpaka mwaka juzi hela ilikuwa inaingia kwenye laini ya simu ya mtu mmoja, mwaminifu sana, ila ulikuwa ni ujinga, simu ikiibiwa je? Sasa ni akaunti ya kituo na wasaini wawili, na daftari langu yeyote aliyetoa hata mia tano anaweza kuja kulifungua.

Asiye na hela naye asijione hana cha kutoa. Kuna kaka mhasibu anakuja Jumamosi moja kila mwezi anatufungia mahesabu, yule kwangu ni mfadhili mkubwa kabisa. Kuna fundi alituzibia bati akakataa hata chai. Ila kwa wanaokuja kufundisha watoto tuition naomba kitu kimoja, kama huwezi kuja mfululizo usianze, hawa watoto wameshaachwa sana, ukija Jumamosi mbili ukapotea wanadhani wamekukosea wao.

Na kuna jambo nataka kulisema ingawa wenzangu kituoni hawatalifurahia. Siyo wote tulionao hawana ndugu. Tuna mapacha wana bibi yao hai kabisa, yuko Mkuranga, anakuja na mihogo yake kuwaona, na siku alipowaleta alilia kuliko wao. Hakuwaleta kwa kukosa upendo, alikosa hela ya kula na sare. Nimepiga mahesabu kwenye daftari langu, gharama tunayotumia kwa mapacha wale miezi miwili ingemtosha bibi kuanzisha biashara yake ya mihogo ya kukaanga na wajukuu wangelala nae nyumbani. Nimeshamuona afisa ustawi, mazungumzo yanaendelea, na wale madereva wamesema mtaji wa bibi watauangalia. Kwahiyo kabla hujatafuta kituo cha kwenda na zawadi, angalia mtaani kwako, bibi gani analea wajukuu peke yake. Ukimsaidia huyo mapema inawezekana mimi nisije kumpokea mjukuu wake kabisa.

Nimeandika mrefu, najua. Tumetundika ubao mlangoni kwa stoo, kila Jumatatu naandika kwa chaki mahitaji ya wiki ili anayepita asome. Wiki hii umeandikwa hivi, ped pakti 12, balbu mbili, nauli ya kliniki Alhamisi, fundi wa kitasa cha choo cha wasichana. Chini nimeongeza kwa herufi kubwa, TENDE BADO ZIPO.

Mama Stoo,
Mbagala, Dar es Salaam