Malalamiko: Kichwa cha treni kilichoungua kwenye njia yenu ya majaribio

Kwa Mkurugenzi,
Kampuni iliyoandaa Maonyesho ya Treni Ndogo.

YAH: KUUNGUZWA MOTA YA KICHWA CHA TRENI NA MFANYAKAZI WENU, NA MAJIBU NILIYOPEWA

Ndugu Mkurugenzi,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mpenzi wa treni ndogo wa miaka mingi. Nilikuja kwenye maonyesho yenu kama mteja aliyelipa tiketi, nikanunua kichwa cha treni ya mvuke cha skeli ya HO (yaani kipimo cha 1:87, kidogo mara 87 kuliko treni halisi), na kabla jua halijatua mfanyakazi wenu akawa ameshakiunguza mota mbele ya macho yangu. Nilipolalamika nikajibiwa kwamba modeli za zamani "huwa zinakufa zenyewe". Hakikufa chenyewe. Kiliuawa, na naomba nieleze kilivyouawa, kwa kuwa pale ukumbini hakuna aliyekuwa tayari kunisikiliza hadi mwisho.

Kichwa hicho nilikinunua kwenye meza ya muuzaji wa vitu vilivyotumika. Muuzaji alikuwa na kipande cha reli na betri ya volti 9. Alikiweka juu yake, kikaenda mbele taratibu. Akageuza nyaya, kikarudi nyuma. Magurudumu yalizunguka bila kukwama, na vyuma vya pembeni vilipanda na kushuka kama inavyotakiwa. Tena alinitahadharisha mwenyewe: "Hiki hakina dikoda, ndani kuna mota na gia tu." Dikoda ni kifaa kidogo cha elektroniki kinachokiwezesha kichwa kutembea kwenye njia ya kidijitali. Nikalipa, nikapewa risiti.

Kipande cha reli cha mezani hakitoshi kumwonyesha mtu jinsi kichwa kinavyoshika mwendo, ndiyo maana nikaenda kwenye njia yenu ya majaribio. Kipeperushi chenu kilisema njia hizo ni mbili, moja ya umeme wa kawaida na nyingine ya kidijitali. Nilipofika nilizikuta kweli mbili, zimelazwa sambamba juu ya meza moja, bila kibao wala alama yoyote ya kuzitofautisha. Nikamuuliza kijana aliyevaa fulana ya kampuni yenu ipi ni ya kawaida. Akasema, "Weka tu, zote zinatembea." Nikamwambia hiki hakina dikoda. Akakichukua mkononi mwangu, akakiweka relini.

Hakikutembea. Kilianza kutoa mlio mwembamba kama wa mbu sikioni, magurudumu yamesimama tuli. Kijana akazungusha kitufe cha mwendo, mlio ukabaki vilevile. Nikasema kiondoe, akasema nikipe muda. Mara ikaja ile harufu ambayo kila mwenye treni ndogo anaijua na kuiogopa, harufu ya vanishi ya koili inayoungua. Nilikinyakua mwenyewe. Bodi lilikuwa la moto kiasi cha kuniunguza vidole, na plastiki iliyo juu ya mota ilikuwa imeanza kulegea na kubonyea. Baadaye nilipokifungua nilikuta nyaya za koili zimekuwa nyeusi upande mmoja. Picha nimeambatanisha.

Kwa kuwa msimamizi wenu aliniambia kwamba "umeme ni umeme", naomba niliseme hili kwa kirefu kidogo. Kwenye njia ya kawaida, kidhibiti kikiwa kwenye sifuri relini hamna kitu. Ukiongeza mwendo unaongeza volti, na ukitaka kurudi nyuma unageuza chanya na hasi. Njia ya kidijitali haifanyi kazi hivyo. Reli zake zina volti kamili muda wote, kwa HO mara nyingi kama 14 hadi 16, hata pale ambapo hakuna treni inayotembea. Chanya na hasi hubadilishana maelfu ya mara kwa sekunde, na ujumbe wenyewe umo kwenye mabadilishano hayo. Kwa viwango vya NMRA, chama cha wapenzi wa treni ndogo cha Marekani kilichoanzishwa 1935, nusu ya alama ya "moja" huchukua maikrosekunde 58, na nusu ya alama ya "sifuri" huwa ndefu zaidi. Dikoda iliyo ndani ya kichwa cha treni husoma alama hizo, ikisikia namba yake inatii, isipoisikia inakaa kimya.

Mota isiyo na dikoda haisomi chochote. Inasukumwa mbele, na kabla haijajongea inavutwa nyuma, kisha mbele tena. Umeme wote unaoingia unageuka joto. Kutetemeka huko kwa mbele na nyuma ndiko kulikotoa ule mlio tuliousikia. Ni kweli kuna mitambo ya kidijitali inayoruhusu kichwa kimoja kisicho na dikoda kutembea kwa namba sifuri, lakini hata hapo kinapashwa joto kikiwa kimesimama, na wenye uzoefu hawakiachi relini hivyo hivyo. Mota zisizo na kiini cha chuma ndizo haziwekwi kabisa, maana huungua upesi mno.

Sidai kwamba kijana wenu alipaswa kuzijua maikrosekunde. Alipaswa kujua swali moja tu la kumuuliza kila anayefika pale, kwamba kina dikoda au hakina. Na mimi jibu nilimpa kabla hajauliza.

Kwenye dawati la maulizo niliambiwa nimtafute muuzaji. Nikamtafuta. Yule bwana, kwa uungwana wake, alitaka kunirudishia fedha, nikakataa kwa sababu hakuwa na kosa lolote. Niliporudi dawatini msimamizi alinigeuzia tiketi yangu na kunionyesha maandishi ya nyuma, kwamba mgeni anawajibika kwa vitu vyake mwenyewe. Sawa. Lakini wakati kinaungua, kitu hicho hakikuwa mikononi mwangu. Kilikuwa kimewekwa na mkono wa mfanyakazi wenu, juu ya reli zenu, kwa umeme wenu. Sioni maandishi hayo yanaingiaje hapo.

Kuna jingine dogo. Kipeperushi chenu kimeita "HO" kila kitu kinachokaa kwenye reli ya milimita 16.5. OO ya Uingereza nayo hukaa kwenye reli hiyohiyo, ila skeli yake ni 1:76, si 1:87. Behewa la mita 20 linatoka na urefu wa sentimita 23 kwa HO na zaidi ya 26 kwa OO. Nilimwona baba mmoja akimchagulia mwanawe mabehewa ya aina zote mbili, akiamini ni seti moja, na karatasi yenu ameishika mkononi.

Nisiwe mkosa shukrani. Waliotengeneza ile njia kubwa ya skeli ya N, ambayo treni zake ni ndogo kuliko za HO, walinifurahisha kweli. Walikuwa wakifuta reli kwa kitambaa na spiriti kila baada ya muda, na kila mtoto aliyeuliza alijibiwa. Lakini hao ni wanachama wa klabu waliokuja na vitu vyao. Ninyi mlichoahidi kwa jina lenu wenyewe ni njia ya majaribio, na ndiyo iliyoniharibia mali.

Naomba kampuni ilipe gharama ya mota mpya pamoja na ufundi wa kuifunga. Ikiwa mota ya aina hiyo haipatikani tena, basi nirudishiwe bei yote ya kichwa kama inavyoonekana kwenye risiti. Pia naomba mnieleze kwa maandishi mtakachofanya kuhusu njia zile mbili kabla ya maonyesho mengine: ziwe meza mbali mbali, kila moja na kibao chake, na asimame mtu anayejua tofauti. Katika vilabu ambavyo vilikuwepo ukumbini humo wapo wengi ambao wangeifanya kazi hiyo vizuri.

Nimeambatanisha nakala ya tiketi, nakala ya risiti na picha za koili. Mota yenyewe ninayo, na nitaileta fundi wenu akitaka kuikagua. Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Nisipolipata nitalipeleka suala hili kwenye chombo kinachosimamia haki za mlaji.

Wenu,
Mteja aliyeunguziwa mota